Nenosiri Ndani ya Kochi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mama wa manunuzi wa chuo ameingia karakanani kwangu. Saa nne na robo asubuhi. Akakaa kwenye kochi la maonyesho dakika sita, akanyanyuka, akakaa tena. Anayekaa mara mbili ananunua. Hilo hakuna darasa linalolifundisha. Nimelijua kwa kutengeneza makochi miaka ishirini na mitatu, bila mjomba wa kunishika mkono.

Anataka viti vya ukumbi mpya. Mia moja na ishirini! Vya sponji, mgongo wima. Nikampa hesabu kabla hajafunga mdomo: mimi na mafundi wawili, viti vitano kwa siku, siku ishirini na nne za kazi. Akaandika. Kisha akanikata maini. Eti kamati haichagui fundi kwa kumtazama usoni. Inakaa Jumatatu ijayo, saa nne kamili asubuhi, inafungua tovuti za mafundi wawili, inapiga namba zilizoandikwa pale, inaamua.

Wawili! Nikauliza wa pili ni nani. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Shemeji. Mdogo wake mke wangu. Mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika nyundo, miaka miwili na miezi minne, akaondoka na mkasi wangu mzuri na kufungua duka lenye mlango wa kioo mita kumi na nane kutoka kwangu. Nimepima.

Nikamjibu mama yule kwa utulivu kwamba tovuti ninayo. Na ni kweli! Niliijenga miaka sita iliyopita kwenye mtandao ule wa kujijengea tovuti, siku tisa, kwa vidole vyangu hivi. Shemeji alijengewa.

Mchana nimeifungua niitazame. Ipo! Jina la karakana kubwa kama bango. Picha moja ya stuli. Chini yake: "Picha zaidi zinakuja wiki hii." Na namba ya simu niliyoacha kuitumia miaka mitano iliyopita.

Si neno. Ninaingia kwenye akaunti, ninabadilisha namba, ninapandisha picha arobaini. Dakika ishirini. Kesho.

Jumanne, 4 Machi

Sikumbuki nenosiri.

Ninakumbuka lina herufi kumi na sita, kwa sababu nilizihesabu na kujipongeza. Nimejaribu mara tano. Ya tano ilikuwa karibu sana, niliihisi kidoleni. Akaunti ikafungwa saa ishirini na nne. Mwizi anafungiwa. Mimi mwenye mali nafungiwa pamoja naye!

Kabla ya kufungwa walinipa maswali matatu ya kujitambulisha. Jina la mama yako? Shule yako ya kwanza? Chakula ukipendacho? Mke wangu, aliyekuwa akipima kitambaa, akasema basi si umemaliza, andika jina la mama yako. Nikamwambia hajui usalama. Jina la mama yangu mtaa mzima unalijua. Ndiyo maana siku ile nilidanganya. Yote matatu, kwa makusudi! Hakuna anayenifahamu angeweza kubahatisha.

Mke wangu akauliza nilidanganya nini.

Hapo ndipo penye tatizo.

Akacheka mpaka akapoteza kipimo, akaanza upya. Halafu akauliza, baba mapacha, hukuandika hilo nenosiri mahali? Nikamwambia niliandika, mimi si mjinga, niliandika mahali ambapo hakuna binadamu angefikiria kutazama. Akauliza wapi. Nikamwambia nitakumbuka.

Jambo moja zuri: mtandao ulinitaka nithibitishe kwamba mimi si roboti, nichague picha zenye ngazi. Mara nne. Nimefaulu zote nne! Kwa hiyo wanajua mimi ni mtu. Hawajui tu ni mtu gani.

Jumatano, 5 Machi

Njia imepatikana! Akaunti imefunguka saa tano na dakika mbili. Safari hii sikugusa nenosiri, nikabonyeza "Nimesahau". Wakasema wanatuma tarakimu sita kwenye simu inayoishia na 47, zinaishi dakika kumi tu.

47! Laini yangu ya zamani! Na laini ile haikupotea. Niliiacha ndani ya simu yangu ya zamani, nikainunulia simu kasha, nikampa Mama Mkwe zawadi. Miaka mitano. Iko kilomita tatu kutoka hapa, mikononi mwa mtu anayenipenda.

Nikampigia roho juu. Nikamwambia Mama, umeingia ujumbe wenye tarakimu sita, nisomee. Akauliza mimi ni nani. Nikasema ni mimi mkweo, baba mapacha. Akasema haya, asante, kwaheri. Akakata.

Nikapiga tena. Akaniambia kijana, nina mkwe hodari sana, alinikalisha chini akanifundisha: mama, akikupigia mtu anataka tarakimu, usimpe. Hata akisema ni mimi. Hata sauti ikiwa yangu, siku hizi sauti zinaigwa. Hata akilia.

Nikakumbuka. Nilimfundisha dakika arobaini. Nilimrudishia somo mara tatu.

Nikapiga mara ya tatu na nakiri sauti ilitetemeka kidogo. Akasema ehee, na kulia amelia! Akaapa kunipeleka polisi.

Kabla hajakata akaongeza kwamba amechoka na namba hii, kila wiki watu wawili wanampigia kuuliza makochi, na kila mmoja anamjibu hapa ni nyumbani kwa watu. Nikashika kalamu. Wawili kwa wiki, wiki hamsini na mbili, miaka mitano. Wateja mia tano na ishirini!

Nimelazimika kukaa chini. Kwenye stuli ile ile ya pichani.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda mwenyewe, nimevaa shati la kwenda ugenini, mkononi mkate na majani ya chai. Asiniite mwizi uso kwa uso!

Mama Mkwe amefurahi. Akaniketisha, akanisimulia kuhusu tapeli wa jana aliyeniiga sauti vizuri sana, ila yeye alikuwa na sauti ya kitoto kidogo. Nikamwambia Mama, yule nilikuwa mimi. Akanitazama kwa huruma. Nikabonyeza "Nimesahau" mbele yake. Simu yake ikalia ndani ya mkoba. Nikanyoosha mkono.

Akaukumbatia mkoba. Akasema baba mapacha, uliniambia hata wewe mwenyewe ukija, nisikupe, huenda umetishwa na watu, wako nje wanakusubiri. Akachungulia dirishani. Nje kulikuwa na mbuzi.

Dakika kumi zikaisha. Akaufuta ujumbe mbele yangu, kama nilivyomfundisha.

Nikainamisha kichwa. Na hapo ndipo nikaliona! Kochi alilokalia. La watu watatu, kitambaa cha kahawia, nililomtengenezea mwezi ule ule nilipojenga tovuti. Nenosiri liko ndani! Niliandika kwa penseli ya seremala kwenye fremu, upande wa kushoto, kisha nikafunika kwa kile kitambaa cheusi cha chini na kupiga pini. Karatasi huibwa. Daftari husomwa. Nani anaiba chini ya mama mkwe?

Sasa, mtu hamwambii mama wa mkewe asimame ampindulie kochi. Nikamwambia kwa adabu kwamba nimekuja kulifanyia matengenezo. Akasema matengenezo ya nini, halijalegea, halijalia hata siku moja, wanakaa watu watano na linanyamaza. Kazi yangu mwenyewe inanizuia! Ningelitengeneza vibaya, sasa hivi ningekuwa ndani ya akaunti.

Nikafikiri haraka. Nikamwambia mbao za mwaka ule zilikuja na wadudu.

Uongo safi! Akaruka kama ana miaka kumi na minane. Nikatoa koleo mfukoni kuanza kuchomoa pini. Akasema la, mkwe wangu, na shati hilo zuri? Akafungua mkoba, akatoa simu, akampigia fundi mwingine wa familia.

Ijumaa, 7 Machi

Kochi liko dirishani kwa Shemeji.

Ninaliona kutoka hapa ninapoandika. Mita kumi na nane na kioo kimoja. Limewekwa juu ya meza, juu yake kadi: "Kochi hili lina wadudu. Halikutengenezwa hapa."

Nimevuka barabara na kumwambia hilo kochi halina mdudu hata wa dawa. Akajitia hamnazo. Akaniambia shemeji, maneno ya wadudu umeyasema wewe, mbele ya Mama, mimi nimehifadhi tu. Nikamwambia nilikosea, nirudishie. Akasema hawezi kumrudishia mama yake mzazi wadudu. Anauzungusha ule mkasi wangu kidoleni huku akisema.

Nikampa ofa: ninalichukua hilo kochi bovu, ninampa Mama jipya. Akafinya macho. Kosa langu. Mtu anayetoa jipya achukue lenye wadudu anatiliwa shaka hata na mpumbavu, na Shemeji ana cheti.

Jumamosi, 8 Machi

Wateja watatu kabla ya mchana, wote wamekuja kuuliza kama makochi yao yanatafunwa. Mmoja amelala usiku kucha sikio likiwa kwenye mto, akisikiliza.

Nimezungumza na mhudumu wa mtandao wa tovuti, kwa maandishi. Mpole ajabu. Nikamweleza yote: uongo wangu, laini, mama mkwe, kochi. Akajibu: "Ninaelewa jinsi hali hii inavyosumbua. Je, umejaribu kukumbuka nenosiri lako?" Nikamwambia achague picha zenye ngazi. Hakujibu. Nilijua!

Jioni mke wangu karudi kutoka kwa Mama na habari. Shemeji ametangaza mtaa mzima: Jumatatu saa tatu na nusu atalifungua kochi hadharani, watu waone wadudu kwa macho yao, nusu saa kabla ya kamati ya chuo kukaa. Atapiga na video aiweke kwenye tovuti yake.

Mke wangu anasema niende nikamwambie Mama ukweli. Mimi ninaona mbali zaidi. Shemeji anataka kunifungulia kochi, bure, kabla ya saa nne! Nitakuwepo, na simu imejaa chaji.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa tatu na nusu. Watu kumi na saba ndani ya duka la Shemeji. Mama Mkwe kaketishwa mbele, mkoba magotini. Shemeji akalipindua kochi, akashika koleo, akatoa hotuba kuhusu mbao zilizokaushwa kitaalamu. Nikampokonya koleo. Nikasema anayelifungua ni aliyelifunga! Watu wakapiga makofi. Pini sitini na nne. Nilizihesabu kwa sauti, na kufikia arobaini walikuwa wakihesabu pamoja nami.

Kitambaa cheusi kikaanguka. Mbao nyeupe kama jana. Mdudu hakuna, tundu hakuna, hata unga. Watu wakasogea, wakagonga, wakanusa. Mzee wa duka la viatu akasema hii mbao itatuzika sote.

Na pale, kushoto, kwa penseli: herufi kumi na sita!

Shemeji akaziona nami nikaziona. Akauliza hiyo ni nini, akanyanyua simu kupiga picha. Nikalala juu ya fremu! Kifudifudi, na shati langu la ugenini, kidevu kwenye springi. Nikatoa simu, nikaandika herufi moja moja huku nikichungulia chini ya kifua. Shemeji anazunguka kochi akitafuta pembe ya kupiga video. Simu yake ikaita, akaikata. Ikaita tena, akaikata tena, anasema kwa sauti watu hawa wa namba ngeni wanasumbua.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Nenosiri limekubali! Nikapiga kelele. Kisha kioo kikaandika: umekosea mara nyingi wiki hii, tunatuma tarakimu sita kwenye simu inayoishia na 47.

Mkoba wa Mama Mkwe ukalia.

Watu kumi na saba wakaugeukia. Nikamwambia, nikiwa pale pale nimelala, Mama, nakuomba. Tangu nianze kazi sijapata viti mia moja na ishirini mara moja. Mafundi wangu wawili wana watoto. Nikikosa leo, huyu wa pili lazima nimwachishe kazi. Sikupanga kusema hayo. Yalitoka.

Mama akasema uliniambia nisimpe mtu. Nikasema ndiyo, Mama. Akasema basi sitampa mtu. Akasimama, akachukua simu yangu, akawapa watu wote mgongo, akajifunika khanga kichwani na simu zote mbili ndani, akaziingiza tarakimu mwenyewe, kwa kidole kimoja. Nilihesabu. Kila tarakimu dakika moja kasoro kidogo. Aliporudisha simu ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili, na nilikuwa ndani ya akaunti! Ndani!

Dakika mbili. Nikakimbilia kubadilisha namba. Mtandao unazunguka. Unazunguka. Saa nne ikagonga.

Simu ya Mama ikaita. Kamati! Imepiga namba iliyo kwenye tovuti.

Nikamwashiria anipe. Akaniashiria nimheshimu, anaongea. Akasema ndiyo, makochi. La, fundi yupo, ila amelala juu ya kochi. Shemeji akacheka peke yake. Mama akaendelea. Akasema hajui mambo ya viti vya chuo, ila kochi lake amelikalia miaka sita, wajukuu wanalirukia, halijalia. Na leo limefunguliwa mbele ya watu kumi na saba, kama hamniamini waulizeni. Akainua simu juu. Watu wakapaza sauti kwa pamoja kwamba hakuna mdudu! Mzee wa viatu akarudia ile ya kutuzika sote.

Mama akasikiliza. Akasema haya. Akakata. Akamgeukia Shemeji, akamwambia na wewe, wanasema kabla ya kukaa walikupigia mara mbili, umewakatia.

Kazi ni yetu. Mia moja na ishirini!

Shemeji akasema Mama, mimi ni mwanao. Akamjibu ndiyo, mwanangu, lakini wewe hujaniletea hata stuli.

Nimelala chini karakanani na kucheka peke yangu. Tovuti ni kitu kikubwa. Nilisema tangu mwanzo: ukijijengea mwenyewe, inakulipa. Shemeji kanirudishia mkasi. Umekuwa butu.

Jumanne, 8 Aprili

Viti vyote vimefika ukumbini! Siku ishirini na nne za kazi, kama nilivyosema, wala siyo ishirini na tano. Safu kumi, viti kumi na viwili kila safu, nimevipanga kwa uzi. Mama wa manunuzi amekaa kwenye kimoja mara mbili. Kesho kutwa ufunguzi.

Nimerekebisha pia usalama wa akaunti, maana wiki ile ilinionyesha udhaifu wake. Nenosiri jipya: herufi ishirini na nne! Maswali yale matatu nimeyajibu upya, na safari hii nimedanganya vizuri zaidi. Namba ya wateja kwenye tovuti sasa ni yangu. Lakini namba ya kupokea tarakimu nimeiacha 47. Niambie benki gani ina mlinzi kama Mama Mkwe? Ila nimemwona ana upenyo mmoja, ule wa kuingiza mwenyewe. Nimekaa naye saa nzima leo asubuhi. Hata kuingiza mwenyewe, Mama, marufuku. Hata nikilala juu ya kochi. Nimemrudishia somo mara nne. Ameelewa kabisa.

Nenosiri lenyewe halikai tena ndani ya kochi, pale pameshajulikana. Nimeliandika chini ya kiti kimoja kati ya vile mia moja na ishirini. Vyote vinafanana. Shemeji atafute mpaka azeeke!

Mchana nimetaka kuweka picha ya ukumbi kwenye tovuti. Imeniomba niingie upya. Herufi nane za mwanzo nimezikumbuka.

Nimefanya hesabu. Viti mia moja na ishirini, kila kimoja pini ishirini na mbili: pini elfu mbili mia sita na arobaini. Kuchomoa moja ni sekunde kumi. Saa saba na dakika ishirini tu. Kurudishia, muda huo huo. Siku mbili, na ninazo siku mbili!

Kinachobaki ni sababu ya kumwambia mama wa manunuzi. Hiyo ipo tayari, na imeshafanya kazi mara moja. Asubuhi na mapema nitampigia nimwambie mbao zina wadudu.